Siku ya Mwisho wa Dunia, Arusha

Baba yangu mdogo alikuwa akisema kwamba siku ya mwisho wa dunia yeye alikuwa Arusha, amekaa jukwaani, anaangalia Wamarekani wakigombania yai.

Tulimwita bamdogo, kama kila mtu anavyomwita wa kwake. Alikuwa dereva wa lori. Alibeba maharage na mahindi kutoka Sumbawanga kwenda popote penye mnunuzi: Mbeya, Dodoma, Dar, mara moja moja Arusha. Kwa msomaji asiyekujua kwetu, Ufipa ni uwanda wa juu. Upande mmoja ardhi inashuka kwenda Ziwa Tanganyika, upande mwingine inashuka kwenda bonde la Ziwa Rukwa, na katikati ndiyo sisi, na mashamba, na baridi ya Juni inayomfanya mgeni anunue koti siku ya kwanza. Kutoka huko na mzigo ilikuwa kazi. Barabara ya lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, zaidi ya kilomita 220, miaka hiyo ndiyo ilikuwa inajengwa, kwa fedha za Wamarekani. Kwa hiyo mwaka 2011 ukisema "Mmarekani" pale mjini kwetu, mtu anafikiria kifusi, greda na vumbi. Hakuna aliyefikiria mpira.

Ndiyo maana hadithi ya bamdogo ilikuwa ngumu kumeza.

"Nimeshusha maharage Ijumaa," alikuwa anaanza hivyo kila mara, "mwenye mzigo wa kurudi nao ananizungusha. Jumamosi niko mjini sina kazi. Naona watu wanaelekea uwanjani, nami nafuata. Nikadhani ni Simba. Kumbe!"

Hapo alikuwa anasimama, maana sehemu inayofuata haisimuliwi umekaa. Wanaume wamevaa makofia kama ya pikipiki, yana nondo mbele ya uso. Mabega yamejaa kama wamebeba magunia ndani ya shati. Mpira wenyewe umechongoka huku na huku, na wanauita mpira wa miguu ingawa mguu wanautumia kwa msimu. "Sasa sikilizeni. Kwanza wanafanya kikao. Wanainama duara, mmoja anaongea, wanapiga makofi, wanatawanyika, wanajipanga mistari, halafu wanaangushana. Firimbi. Unafikiri wanaendelea? Wanarudi kwenye kikao! Mchezo mzima ni vikao. Nikasema hawa wangetufaa kwenye halmashauri."

Kijana aliyekaa pembeni yake jukwaani ndiye alimweleza sheria. Ukiwa na mpira unapewa majaribio 4 ya kusogea yadi 10. Ukizifikisha, unapewa mengine 4. Ukishindwa, unamwachia mwenzako. Hiyo sehemu bamdogo aliipenda kuliko yote, na akarudi nayo Ufipa kama mtu aliyerudi na zawadi. Lori likizama kwenye tope alikuwa anatoa kichwa dirishani na kumwambia utingo wake, "Jaribio la kwanza!" Lori linasogea hatua mbili, linazama tena. Utingo anatia mawe chini ya tairi. "Jaribio la pili!" Mpaka nyumbani tukaanza kuitumia bila kufikiri inatoka wapi. Kuni zikiwa mbichi, mama mdogo alikuwa anasema jaribio la tatu hilo, leteni mafuta ya taa. Binamu yangu aliporudia mtihani, hiyo ndiyo salamu aliyopewa na mtaa mzima.

Na mwisho wa dunia je? Watoto walikuwa wanauliza, mbona bado tupo? Bamdogo alikuwa na jibu: "Redioni walikuwa wanasema dunia inaisha siku ile. Mimi nikasema kama inaisha, basi inikute jukwaani."

Matokeo hakuyasimulia mpaka umuulize. Ukimuuliza alijibu kwa mkato: walishinda wale wa Mexico. Hapo ndipo watu wazima walikuwa wanakata tamaa naye. Wamarekani, sawa, labda. Sasa Mexico imefuata nini Arusha?

*

Mwaka Mpya wa 2014 nilienda nyumbani Sumbawanga. Nilikuwa na miaka 25, nina shahada, nina kazi kwenye gazeti Dar es Salaam, nina begi la laptop ambalo nililibeba hata nilipokwenda dukani kununua chumvi. Tulikuwa kwa bamdogo, Katandala, watu kama ishirini hivi, tumekula, soda zimefunguliwa, na wadogo zangu wakamchokoza aanze. Akaanza. Alipofika kwenye vikao wakaanza kucheka, na safari hii walikuwa wanamcheka yeye. Walikuwa wamekua. Mmoja akamwambia, "Bamdogo, hii umeiota."

Akanigeukia. "Muulizeni kaka yenu. Huyu ni mwandishi wa habari. Hiyo ndiyo kazi yake, kujua kilichotokea."

Wote wakaniangalia. Nikasema, "Bamdogo, nimeshatafuta mtandaoni. Hamna kitu kama hicho."

Sikuwa nimetafuta. Sikuwa nimewahi hata kufikiria kutafuta. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisema vile, na jibu si kubwa: kicheko kilikuwa kinakuja, nikataka kiwe changu. Nikakipata. Nyumba nzima ilicheka. Bamdogo naye alicheka, ila alichelewa kidogo kuliko wengine.

Halafu akasema, "Sawa. Jina la mji huu linasema tupa uchawi. Halikusema tupa hadithi." Akatoka nje kwenda kuangalia lori, ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Baada ya siku ile wakambandika jina la Mwisho wa Dunia. Mimi sikumsikia tena akisimulia. Labda alisimulia nikiwa sipo.

Alifariki Februari 2018. Tulimzika kijijini, upande wa Laela. Lami ilikuwa imeshafika siku nyingi, lakini njia ya kuingia kijijini ni ileile, na mvua ilikuwa ya Februari. Gari lililobeba jeneza likakwama. Wanaume tukavua viatu tukasukuma, likasogea, likazama. Yule utingo wake wa zamani, sasa mtu mzima mwenye lori lake, alikuwa bega kwa bega na mimi kwenye tope. Akasema kwa sauti ya chini, kama anajisemea, "Jaribio la tatu." Tukasukuma likatoka.

*

Agosti 2, 2020, jambo ambalo Sumbawanga haikulizoea lilitokea. Fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam ilichezwa kwetu, Uwanja wa Nelson Mandela, Simba na Namungo. Gazeti likanituma, na kwa kuwa nilikuwa natoka huko, mhariri akaniomba na kipande kidogo cha pembeni kuhusu majina ya viwanja vyetu. Kwa nini Sumbawanga ni Mandela, Mbeya ni Sokoine, Shinyanga ni Kambarage, Arusha ni Sheikh Amri Abeid.

Usiku wa kuamkia mechi nilikuwa kwa mama mdogo, Katandala, sebule ileile, naandika. Nikaandika jina la uwanja wa Arusha kwenye simu ili nihakiki mambo mawili matatu. Miongoni mwa yaliyotokea kulikuwa na mechi ya Mei 21, 2011. Global Kilimanjaro Bowl. Chuo Kikuu cha Drake, kutoka Des Moines, Iowa, dhidi ya timu teule ya vyuo binafsi vya Mexico iitwayo CONADEIP. Timu ya chuo cha Marekani kucheza mpira wa Kimarekani katika ardhi ya Afrika, mara ya kwanza. Drake 17, Mexico 7.

Nikaangalia kalenda. Mei 21, 2011 ilikuwa Jumamosi. Nikatafuta tarehe hiyo peke yake, na jibu likaja mara moja: ndiyo siku ambayo Harold Camping, mhubiri wa redio wa California, alikuwa ameitangazia dunia kuwa ni siku ya hukumu. Vituo vya redio vya dunia nzima vilikuwa vinaitania.

Kwa hiyo yote yalikuwa kweli. Wamarekani, Mexico, Jumamosi, redio, mwisho wa dunia. Alikosea kitu kimoja tu, aliyeshinda.

Muda wote wa kutafuta haukufika dakika 2.

*

Usiku ule sikulala. Kwanza kilichonishika ni jina la uwanja wenyewe. Wasomaji wa ukurasa huu hawahitaji kuelezwa Sheikh Kaluta Amri Abedi ni nani, lakini nadhani wengi tunasahau kwamba ndiye yule wa uwanjani. Mzaliwa wa Ujiji, jirani zetu kule chini ziwani. Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, baadaye waziri wa sheria, akafariki mwaka 1964 akiwa na miaka 40. Na kabla ya hayo yote, mwaka 1954, alitoa kitabu cha Sheria za Kutunga Mashairi, pamoja na diwani yake, ambacho mpaka leo watu wa vina na mizani wanakishika kama msahafu na watu wa mashairi huru wanakishika ili wapate cha kupinga.

Nilifikiri jinsi ambavyo marehemu angeuona mchezo ule uliochezwa ndani ya jina lake. Mchezo wa kwetu, soka, unatiririka. Unaweza kwenda dakika nzima bila kituo. Ule wa Kimarekani una kituo kila baada ya pumzi chache. Majaribio 4, yadi 10, kituo, kikao, mstari mpya. Tarbia ina mishororo 4, kila mshororo mizani 16, nane kwa nane, na usipofikisha unaambiwa umeteleza. Mgeni anayesikiliza shairi la arudhi kwa mara ya kwanza naye anaona watu wanasimamasimama ovyo. Akipata jirani wa kumweleza sheria, anaanza kusikia. Bamdogo alimpata jirani.

Halafu nikaingia kwenye historia ya ile timu, nikiwa natafuta sijui nini. Labda sababu ya kujitetea.

Drake si chuo kikubwa. Kina wanafunzi kama elfu tano, kilianzishwa mwaka 1881, na timu yake ya mpira ilianza mwaka 1893. Katika nchi ambayo mpira wa vyuo unajaza viwanja vya watu laki moja, Drake ni timu ambayo wengi hawajawahi kuitazama. Baada ya msimu wa 1985 chuo kiliifuta kabisa kwa sababu ya gharama. Mwaka 1987 ikarudi, lakini bila ufadhili: mchezaji halipiwi masomo kwa sababu ya mpira. Tangu 1993 inacheza ligi ya vyuo vya namna hiyo. Kwa hiyo vijana ambao bamdogo aliwaona wakiangushana walikuwa wanafunzi wa kawaida, wanacheza kwa kupenda. Baada ya mechi ile walipanda Mlima Kilimanjaro. Kocha wao, Chris Creighton, alikwenda nao.

Lakini uwanja wanaochezea kule kwao Des Moines una jina, na jina hilo ndilo lilinikalisha macho mpaka jogoo. Unaitwa Johnny Bright.

*

Johnny Bright alikuwa kijana mweusi wa Fort Wayne, Indiana, aliyekuja Drake mwishoni mwa miaka ya 1940. Alikuwa anakimbia na mpira na pia anarusha pasi. Mwaka 1949 na tena mwaka 1950 hakuna mchezaji wa chuo katika Marekani nzima aliyepata yadi nyingi kumzidi. Timu ndogo ya Iowa ilikuwa na mtu mkubwa.

Oktoba 20, 1951, Drake ilikwenda Stillwater kucheza na Oklahoma A&M. Kabla ya mechi mji ulikuwa umejaa maneno kwamba Bright hatamaliza mchezo. Wapiga picha wawili wa gazeti la Des Moines Register, Don Ultang na John Robinson, waliyasikia. Wakaielekeza kamera yao kwa Bright, hata pale ambapo mpira haukuwa kwake.

Ndani ya dakika 7 za mwanzo Bright aliangushwa mara 3 na mchezaji mmoja wa upande wa pili, Wilbanks Smith. Si katika kugombania mpira. Picha zinaonyesha Bright ameshatoa mpira, amesimama mbali na mchezo, na yule mwenzake anamjia na kumpiga usoni. Taya likavunjika. Na hivyohivyo, na taya limevunjika, Bright akarusha pasi ya yadi 61 iliyozaa pointi, kabla hajashindwa kuendelea. Drake ilifungwa 27 kwa 14.

Wale wapiga picha hawakuiona hiyo 27 kwa 14. Gazeti lilikuwa na saa ya kuingia mitamboni, na Stillwater ni mbali na Des Moines, kwa hiyo waliondoka na filamu yao mapema, mchezo ukiwa bado mbichi. Walikuwa wameshapata walichokifuata. Picha zilitoka zikiwa zimepangwa kwa mfuatano, na mwaka 1952 zikapata tuzo ya Pulitzer.

Kama hujawahi kufanya kazi ya habari, unaweza kudhani hapo ndipo haki ilipotendeka. Hapana. Upande wa pili ulikana. Umoja wa vyuo waliokuwa wanacheza pamoja haukumwadhibu mtu. Drake ikajitoa kwenye umoja huo kwa kupinga, na chuo kingine, Bradley, kikatoka nayo. Sheria za mchezo zikaguswa, na kofia zenye kinga ya uso zikasisitizwa. Zile nondo ambazo bamdogo alizishangaa Arusha zina Bright ndani yake. Bright mwenyewe akaitwa na timu ya kulipwa ya Philadelphia, akakataa, akaenda Kanada. Huko alicheza miaka mingi, akachukua makombe na Edmonton, akawa mwalimu, baadaye mkuu wa shule. Alifariki mwaka 1983.

Barua ya kuomba radhi kutoka chuo cha Oklahoma iliandikwa mwaka 2005. Ni miaka 54 baada ya taya, na miaka 22 baada ya mwenye taya kufa. Ilipelekwa Drake, maana mwenyewe hakuwepo wa kuipokea. Mwaka uliofuata Drake ikaupa uwanja wake jina lake.

Niliposoma hapo nilizima simu. Nje kulikuwa na baridi ya Agosti, mbwa wanabweka upande wa Kizwite. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti kilekile.

Nisieleweke vibaya, sifananishi taya la mtu na kicheko cha Mwaka Mpya. Ninachofananisha ni kazi. Kuna watu wawili walisikia maneno ya mtaani, wakayachukulia kuwa yanaweza kuwa kweli, wakaenda kuangalia. Na kuna mimi, niliyesikia maneno ya mtu aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo, nikasema nimeangalia wakati sijaangalia. Katika kazi yetu kuna kosa la kuandika uongo, na kila mtu analijua na linafundishwa darasani. Lile la kusema "nimehakiki, hamna" halifundishwi sana, kwa sababu halionekani. Aliyekanushwa ananyamaza, na kunyamaza kwake kunaonekana kama amekubali.

Nimewahi kufanya hivyo mara ngapi kazini? Hilo ndilo swali lililonitoa usingizi kuliko bamdogo mwenyewe. Mama aliyepiga simu chumba cha habari kutoka wilayani na habari isiyoaminika. Mzee aliyekuja na bahasha ya nakala za barua. Nimewaambia wangapi kwamba tumefuatilia?

*

Asubuhi mama mdogo alikuwa jikoni anakoroga uji wa ulezi. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia yote. Kwamba nimetafuta. Kwamba ile mechi ya Arusha ilikuwepo, tarehe ipo, picha zipo. Kwamba mwaka ule nilisema nimetafuta nikiwa sijatafuta.

Akaendelea kukoroga. Mama mdogo si mtu wa kuacha uji ushike chini kwa ajili ya maneno.

"Nani alishinda?" akauliza.

"Drake. Wamarekani. 17 kwa 7."

"Yeye alisema wale wa Mexico."

"Alikosea hapo."

"Hakukosea. Hakumaliza kuangalia. Alipigiwa simu mzigo umepatikana, akatoka uwanjani kwenda kupakia. Alipotoka aliona wale wengine wanakimbia na mpira, watu wanashangilia, akasema basi hao ndio wameshinda." Akanimiminia uji. "Aliniambia mimi. Nyie hamkuuliza alitoka saa ngapi."

Kweli, hatukumuuliza. Mimi ambaye kuuliza ndiyo mshahara wangu sikumuuliza swali hata moja. Alikuwa ameondoka kabla ya mwisho kwa sababu kazi ilimwita, kama wale wawili wa Stillwater, na alichokiona kabla ya kuondoka alikiona sawasawa.

"Na hukukasirika?" nikamuuliza. "Siku ile, nilipomwambia vile?"

"Nilikasirika," akasema. "Sasa kunywa uji, una mpira wa kwenda kuandika."

Nikaenda. Mandela ilijaa, watu wamekuja kutoka Nkasi, Kalambo, Mpanda, wengine wamepanda juu ya miti nje ya ukuta. Simba ikashinda 2 kwa 1. Niliandika matokeo, wafungaji, na kipande changu cha majina ya viwanja, maneno 300. Kwenye Sheikh Amri Abeid niliandika mstari mmoja kuhusu mshairi. Kuhusu mechi ya 2011 sikuandika kitu. Nilijiambia nafasi haitoshi. Ukweli ni kwamba nisingeweza kuiandika bila kuandika nilivyoijua, na sikuwa tayari.

Lakini jioni ile, kabla sijapanda basi la kurudi Dar, nilifanya jambo moja. Tuna kundi la WhatsApp la ukoo, watu 60 na kitu, ambako huwa tunachangishana na kutumiana pole. Nikaweka picha za mechi ya Arusha. Vijana wenye makofia yana nondo, wameinama duara, kwenye kikao. Nikaandika tarehe. Nikaandika kwamba bamdogo alikuwa anasema kweli, na kwamba mwaka ule wa Katandala mimi ndiye niliyedanganya, sikuwa nimetafuta.

Kwa muda hakuna aliyejibu. Nikaona alama za buluu zinaongezeka, watu wanasoma. Shangazi mmoja akaweka emoji ya mikono. Basi lilikuwa limeshapita Laela, giza limeingia, ndipo akajibu yule mdogo wangu aliyesema hadithi imeotwa. Sasa yuko Mpanda, ana watoto wawili.

"Kaka," aliandika, "hilo ni jaribio la nne. Umefika kwa shida."